Maisha ya Baba Yetu, Ephantus Njau, Fundi wa Matingatinga

Marehemu Ephantus Njau Muturi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 hapa Gatundu, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Muturi na nyanya yetu, Cucu Wanjiku. Alisoma hadi darasa la nane, mwaka wa 1994. Alikuwa akisema mwenyewe kwamba alipenda injini kuliko vitabu.

Mwaka wa 1998 alienda Thika kujifunza ufundi, na kutoka 2006 alifanya kazi kwa gereji ya matingatinga huko Ruiru mpaka mwisho. Alimuoa mama yetu, Nyawira, tarehe 12 Aprili 2003, wakakaa Kamenu. Jumapili yeye ndiye alikuwa akitusuka nywele. Tulienda kanisani tukinuka dizeli, lakini mistari ilinyooka kuliko ya saluni.

Vidole vyake vilijulikana. Mashine ikivuja oili ya haidroliki, alipapasa mpira unaopitisha oili huku injini inanguruma, bila glavu, kwa sababu alisema glavu inazuia mtu kusikia. Vijana saba walifunzwa hivyo na yeye.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, oili ya presha ilitoka kwa tundu la mpira ambalo jicho halioni, ikamdunga kidole cha mkono wa kulia. Odongo, mwenzake kazini, alimwambia waende hospitali. Baba alicheka, akafuta damu, tone moja tu, akamaliza kazi. Jioni mama aliona kidole kimekuwa cheupe, tena baridi.

“Baba Kui, hii si kitu ya kulala nayo.”

“Ni kadoti tu, Nyawira. Hata haiumi.”

Asubuhi mkono ulikuwa umefura mpaka kwa kiwiko. Kwa kliniki alisema amedungwa na waya, wakatibu kidonda cha waya. Alhamisi, hospitali kubwa, daktari alipasua mkono, oili ikatoka. Akatuuliza tulikuwa tunangoja nini. Angeletwa masaa ya kwanza, labda mkono ungeokoka. Ulikatwa siku hiyo.

Jumapili Baba alilalamika vidole vya mkono huo vinaungua. Akaomba vifunikwe. Mama alivuta blanketi, akafunika pale pasipo na kitu, na Baba akashukuru.

Sumu ilikuwa imeingia kwa damu. Alituacha Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi.

Ameacha mama yake, Cucu Wanjiku, mjane wake Nyawira, na watoto: mimi Kui, Wangeci na Muturi. Pia ameacha wale vijana saba. Odongo alituambia juzi kwamba nyinyi vijana bado mnapapasa mipira kwa vidole. Ni nyinyi mmebeba jeneza. Mama ameomba niwaambie Baba akiwa hapa: zimeni mashine kwanza, ngojeni presha iishe. Ikibidi kutafuta panapovuja, pitisheni kipande cha katoni kilichofungwa kwa mti mrefu, si kidole. Na oili ikidunga mtu, hata kama haiumi, aende hospitali saa hiyo, na aseme ni oili ya mashine.

Mungu ampumzishe Baba. Nyinyi kesho mkienda kazi, mrudi nyumbani na mikono yenu.