Mwanafunzi Asiyetajwa

Ndugu waombolezaji, familia imemchagua mdogo wa marehemu, fundi redio, awasomee wasifu huu, kwa kuwa katika ukoo huu hakuna anayemfikia kwa kusimulia, na atasoma pia lile ambalo familia haikuliandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kifungua mimba wa watoto watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu alikohitimu tarehe 30 Novemba 1982, ilhali mdogo wake aliishia darasa la saba na bado wahandisi wawili wamewahi kumletea redio zao wakiwa wameshindwa, ila hayo si ya leo.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, na mwaka 1997 akapelekwa chuo cha ufundi kuwa mshauri wa wanafunzi, katika chumba namba tisa, chenye viti viwili, kabati la kufuli, na benchi nje ya mlango. Shemeji alikuwa akimchokoza mezani, "Mama watoto, hata kasiri kamoja tu ka leo?" naye akimjibu, "Kula, baba, chakula kinapoa."

Tarehe ya jambo linalofuata, peke yake katika karatasi hii, haisomwi. Fundi redio huyu alipita chuoni, akamwona mwanafunzi mmoja kwenye benchi lile, na jioni, kwa kunogesha soga, akamwambia mzazi wa mwanafunzi huyo, "Mwanao nimemwona kwa dada, kulikoni?" Siri hakuitaja, hakuijua, alitaja benchi tu. Mzazi akamwandama mwanawe kwa maswali, mwanafunzi akaamini mshauri ndiye aliyemtaja, na malalamiko yakafika kwa mkuu wa chuo.

Kamati ya chuo ikamuuliza marehemu, "Ulimwambia nani?" Akajibu, "Anayekuja kwangu simsemi, na asiyekuja simsemi," maana hata kujitetea kungekuwa kukiri kwamba mwanafunzi yule alifika. Wakamvua ushauri, wakamrudisha darasani kufundisha, na mdogo wake, bingwa wa maneno, aliyepaswa kwenda kusema "ni mimi," akajitia kuwa na redio nyingi za kutengeneza, hadi miaka ikapita.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Septemba 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 12 Februari 2023, mchana, mdogo wake akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza yote, akaomba radhi. Marehemu akasema, "Mwanafunzi gani, mdogo wangu? Mimi simjui." Kumsamehe mdogo wake kungekuwa kumtaja mwanafunzi. Alifariki tarehe 19 mwezi huohuo, saa kumi na mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana na shemeji zamu za kulinda mgonjwa, na wafanyakazi wenzake, hasa wale wawili walioendelea kunywa chai naye alipovuliwa chumba. Na mwanafunzi yule, popote alipo, ajue kwamba aliyemtaja ni huyu anayesoma.

Pumzika kwa amani, dada, mdogo wako amani yake bado anaitafuta.