Kilo za Kweli: Kumuaga Dada Radojka Stamenić

Tarehe 30 Juni, Dada Radojka Stamenić atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja kama mtaalamu wa lishe katika wodi ya upandikizaji wa seli shina hapa mjini Niš. Wenzake wameniomba niandike ukurasa huu kwa sababu babu yangu alikuwa mgonjwa wake, na pengine kwa sababu walijua kusimama kuhutubia nisingeweza.

Alipoanza, wodi ilikuwa na vyumba vitatu. Leo viko tisa, vyote na milango ya kioo. Ukipita pale asubuhi, wagonjwa wanaonekana kama watu wanaoelea ndani ya maji masafi: hawana nywele, hawana sauti, na mwanga ni kama unawapita. Dada Radojka huja akisukuma mizani yake ya magurudumu, nao huipanda polepole, kana kwamba wanauliza kama bado ni wa dunia hii.

Ni yeye aliyepigania wodi ipate jiko lake. Ni yeye aliyewafundisha wapishi supu ya malenge isiyo na harufu, kwa ajili ya watu ambao harufu tu huwatapisha. Aliwaeleza wote, kwa upole uleule, kwamba anayeingia kwenye upandikizaji akiwa amekonda sana mara nyingi hupona kwa shida zaidi, na aliyenenepa kupita kiasi naye ana taabu zake. Seli mpya zinapojijenga, mdomo hujaa vidonda, na mtu huishi kwa akiba ya mwili wake.

Babu yangu Živojin, mvuvi wa mto Nišava, alilazwa katikati ya Kwaresima. Seli zilikuwa zitoke kwa mdogo wake, Ljubiša, mwenye mwili wa watu wawili. “Chukua na kitambi, kaka, ni bure,” alimwambia kila alipokuja. Babu akaweka nadhiri kimya kimya: asingeonja nyama, yai wala maziwa hadi Pasaka, ili Ljubiša asidhurike kwa kumtolea seli. Chakula alimpa jirani yake wa kitanda.

Ajabu, mizani haikushuka hata kidogo. Hicho ndicho kilichomtia wasiwasi Dada Radojka, maana uzito wa mtu hai hupanda na kushuka. Asubuhi ya kupanga dawa alishika pindo la koti la babu la kulalia.

“Mzee Živojin, humu kuna nini?”

“Pindo tu, binti yangu.”

“Pindo linalogongana?”

Kadiri alivyokonda, babu alikuwa ameshonea chubwi ndani yake, moja moja, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha ndoana. Kilo nne nzima. Alidhani anawadanganya watu wa jikoni tu. Hakujua kwamba dawa kali ya kuutayarisha mwili hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na kwamba kilo nne za uongo zingemwingizia dawa ambayo huenda asingeihimili.

Dada Radojka hakumkaripia. Alimsikiliza hadi akaungama nadhiri yake, kisha akaweka yai la kuchemsha mbele yake na kumwita Ljubiša.

“We kaka, umefunga kwa ajili ya nani?” Ljubiša aliuliza.

“Yako.”

“Basi mfungo ni wangu, na mimi nimeufungua. Kula hilo yai kabla sijalila mimi!”

Babu alilila huku machozi yanamtoka. Upandikizaji ukaahirishwa, na kila mlo Dada Radojka alikaa kando yake, akimsimulia habari za mto kana kwamba ametoka huko sasa hivi. Kilo tatu zilirudi, safari hii za nyama na damu. Kisha zikaja siku za vidonda na homa, na kilo zile ziliyeyuka zote, moja baada ya nyingine. Zilitosha.

Dada Radojka, sijui mtu hushukuruje kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea. Nyumbani kwetu hakuna picha ya babu yenye utepe mweusi wa msiba. Yuko jikoni, anabishana na Ljubiša kuhusu chumvi, na dirisha limejaa jua. Asante kwa miaka yote hii. Tunakutakia pumziko jema na asubuhi ndefu, wewe uliyetuachia mtu wa kubishana naye.