Stefania Kokuhirwa, Mama wa Tiara za Hail (1958–2008)

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 9 Februari 2008, hapa Muscat, aliitwa Stefania Kokuhirwa. Wengi wenu mlimwita Mama Dativa, na majirani wa mtaa wa Hail walimwita mama wa vishada. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na binti yake wa pekee, Dativa, ambaye humu ametajwa kwa jina kama watu wengine wote, kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwa, na kwa kuwa hivyo humwia rahisi kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 kijijini Kanyigo, wilaya ya Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Byabato na mkewe, aliyekuwa fundi wa kusuka mikeka. Kabla hajajua kusoma alikwisha jua kuchana ukindu kwa ukucha. Mama yake alikuwa akiutazama kila utepe dhidi ya mwanga wa mlango, na ule usiolingana aliutupa jikoni. Stefania alilia sana juu ya tepe hizo. Baadaye naye alikuja kuwaliza wengine vilevile.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Nafasi ya sekondari haikupatikana, akaenda kwa masista wa Bukoba mjini, ambako alijifunza ushonaji kuanzia 1974 hadi 1976. Cheti chake kipo. Kimeliwa na mende kwenye kona moja.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na Cyprian, dereva wa lori la kahawa, mtu wa mzaha mwingi na usingizi mzito. Dativa alizaliwa mwaka 1981. Mwezi Juni 1989 lori la Cyprian lilipinduka, naye hakupona. Stefania alikaa na ujane wake miaka minne, akishona sare za shule. Tarehe 17 Oktoba 1993 alipanda ndege kuja Oman kufanya kazi za nyumbani, akamwacha Dativa, wakati huo wa miaka kumi na miwili, kwa dada yake Anjelina. Alimwambia ni miaka miwili tu. Ilikuwa kumi.

Nyumba aliyofikia ilikuwa Hail, ya familia kutoka Malaysia. Mama mwenye nyumba, Bi Rohana, alikuwa mwalimu. Mwaka 1994 baba yake, Mzee Harun, aliletwa akae nao. Alikuwa amepofuka macho yote mawili. Kwao Kelantan alikuwa ametengeneza tiara, vishada vya kurusha kwa uzi, maisha yake yote, zile kubwa wanazoziita wau, zenye mkia wa mwezi mwandamo na maua ya karatasi ya kung'aa yaliyokatwa kwa kisu kidogo, tabaka juu ya tabaka. Sasa alikaa kitini akiutazama ukuta asiouona, na chakula alikuwa akikirudisha. Bi Rohana alichoka kumbembeleza. Stefania naye alichoka kuosha sahani zilizojaa. Siku moja akamwekea mzee vipande vya mianzi mapajani, akamwambia kwa kumgusa mikono na kwa Kiarabu chake cha sokoni: wewe sema, mimi nitakata.

Ndipo taabu ilipoanza. Mzee Harun alipapasa kila ufito kwa vidole, akaning'iniza kila bawa kwa uzi katikati ili aone kama kushoto na kulia vina uzito mmoja, na kila mara akatikisa kichwa. Aliuliza Waswahili husemaje kitu kikiwa hakijawa. Stefania akamfundisha neno "bado", na akalijutia. "Bado, Stefi." Mwaka mzima, bado. Tiara ya kwanza iliyopanda iliangukia dishi la jirani jioni ya mechi kubwa, na watu wa kwa jirani hawakuisalimia nyumba ya Bi Rohana mpaka Ramadhani.

Kilichomkera zaidi mzee ni sauti. Wau halisi huwa na upinde kichwani, na juu ya upinde hukazwa utepe mwembamba wa jani. Upepo ukiugonga, tiara hulia huko juu, sauti nzito isiyokatika, na mtu asiyeona hujua ilipo. Stefania alijaribu plastiki, akajaribu hata utepe wa kaseti ya kwaya. Kimya. Ndipo alipomwandikia Anjelina ampelekee ukindu. Ulifika umefungwa ndani ya gazeti, akauchana kwa ukucha kama alivyofundishwa. Ijumaa tarehe 12 Januari 1996, pwani ya Hail, tiara ilipanda na kulia. Mzee Harun alisimama na fimbo yake, uso juu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Jioni ile alikula sahani mbili.

Juni 1996 marehemu alikwenda likizo nyumbani, mara moja tu katika miaka yote ile, akambebea Dativa tiara nyekundu yenye maua ya dhahabu, kazi ya miezi mitatu. Dativa alikuwa na miaka kumi na mitano na alitaka mama. Alisema hataki. Tiara ilining'inizwa juu ya meko ya mama yake mkubwa Anjelina, moshi ukaimaliza. Jambo hili halipo katika wasifu wa watu wengine, lakini lilitokea, na marehemu hakulitaja tena hata siku moja.

Mwaka 1998 familia ya Bi Rohana ilirudi kwao, na mzee akafariki mwaka huohuo. Kisu chake kidogo alimwachia Stefania. Yeye akahamia kwa Bi Mahfudha bint Muhanna, hapohapo Hail, aliyekuwa mwajiri wake mpaka 2005 na rafiki yake mpaka mwisho. Kila mwaka alitengeneza tiara moja, akairusha Januari, na uzi hakumpa mtu mwingine. Bi Mahfudha alikuwa akimtania: "Stefania, watu wazima wenzio wanakaa na uradi, wewe unakimbizana na kishada!" Akajibiwa, "Bi Mahfudha, na mimi nasali, ila nashika uzi."

Dativa alikuja Muscat mwaka 2003, akapata kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli huko Bustan. Mama na binti walipokutana walisalimiana kama wageni wa harusi moja. Walikuwa hawajuani. Mmoja hakujua mwenzake anakula pilipili au hali. Kisukari, kilichogundulika mwaka 2001, kilikuwa kimekwisha anza kumla marehemu macho, na mwaka 2005 yakazimika kabisa. Kwa hiyo ikawa zamu ya Dativa kukata na zamu ya mama kupapasa. Vyumba kumi na vinne kwa siku, halafu mianzi. "Bado, mwanangu. Bawa la kulia zito." Mara ngapi Dativa alitamani kuitupa mianzi ile barabarani! Lakini katika kupapasa kule juu ya fito, vidole juu ya vidole, ndipo walipozoeana.

Mwezi Novemba 2007 figo zilianza kushindwa, na baada ya Krismasi marehemu alilazwa hospitali. Tiara ya mwaka huu ilikuwa imekwisha, ya buluu, ukindu umekazwa. Aliomba jambo moja tu: Dativa airushe Hail, kisha aje amwambie imelia vipi. Ijumaa tarehe 25 Januari ndiyo ilikuwa siku yake. Dativa alitoka kazini saa nane mchana, akaketi kitandani avue viatu, akalala. Alipoamka jua limezama.

Kesho yake alikwenda hospitali akasema, "Mama, imepanda. Imelia mpaka Maghribi."

Marehemu akaomba mkono wake wa kulia. Tiara ile ikishika upepo, uzi humkata mshikaji kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Hakuna anayeepuka. Stefania alikuwa na kovu hapo, na Mzee Harun alikuwa nalo. Akakipapasa kidole cha binti yake taratibu, pande zote; kilikuwa kizima.

"Umechoka, mwanangu," akasema. "Nenda kalale. Tiara haiozi."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Stefania Kokuhirwa alifariki Jumanne tarehe 5 Februari 2008, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na tisa. Dativa alikuwa njiani kwenda kwake.

Wasifu huu uliandikwa Jumatano na uliishia hapo. Yanayofuata yameongezwa Ijumaa asubuhi, kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.

Alhamisi alasiri Dativa alikwenda kwa Bi Mahfudha kumwomba amsaidie kushika tiara, maana peke yake aliogopa hataiweza. Bi Mahfudha alishangaa. "Tena? Mbona mamako kanambia ushairusha? Nlikwenda kumtazama Jumapili ile, kanambia: Dativa wangu kairusha peke yake, imelia mpaka Maghribi. Akawaambia na wauguzi. Mimi nna furaha, alisema, sasa anajua."

 Dativa alikaa chini kwenye ngazi za nyumba, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alipomaliza, akasema yote kama yalivyokuwa. Bi Mahfudha alijifunga buibui lake kiunoni akasema, "Basi twende, mwanangu. Tusimwache mamako mwongo."

Ilianguka mara mbili. Mara ya tatu ikapanda, ikavuta, ikaanza kulia, na ililia mpaka adhana ya Maghribi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Dativa. Dada yake, Anjelina, huko Kanyigo. Kaka zake, Raymond na Noel. Na rafiki yake, Bi Mahfudha. Ameacha pia kisu kimoja kidogo, ambacho sasa kina mwenyewe.

Wanaosimama karibu wataona kwamba mkono unaoshika karatasi hii umefungwa bandeji kwenye kidole cha shahada. Mama, imelia. Ulichoka mno, na hukusema. Sasa ni zamu yako kulala, na Mungu akulaze pema.