Mende wa Meneja

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya makreti mawili, ukutani kwa kibanda cha kinyozi. Wazoefu wanajua upande upi unayumba; mgeni hujua akishakaa. Hapo kahawa hunywewa tangu asubuhi, na hapo mambo ya watu hukatiwa hukumu kabla hayajawafikia wenyewe. Jumamosi hiyo fundi friji, ambaye mtaa mzima humwita Barafu, alifika bila mkoba wake wa vifaa. Alikuwa amekumbatia chupa tatu za jamu, vifuniko vimetobolewa kwa bisibisi, na ndani ya kila chupa mna mende.

Muuza kahawa aliziangalia, akasogeza birika lake mbali.

— Hizo zikifunguka hapa, mimi nahamia mtaa wa pili.

— Hazifunguki. Nataka ushauri, akasema Barafu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

Akawaeleza. Kijana wake, fundi umeme, alipelekwa na kazi yake mafunzoni kwa wiki mbili, na kesho anarudi. Kijana huyo anafuga mjusi mwenye miiba shingoni, mrefu kama mkono mpaka kiwiko, aitwaye Meneja kwa kuwa hukaa juu ya jiwe lake kutwa akitazama wengine wakifanya kazi. Chakula chake ni mende, lakini si mende hivi hivi: ni mende wa kufugwa, waliokuwa wakiishi uvunguni mwa kitanda katika boksi la plastiki.

Mkewe Barafu ni mwanamke anayefuta fagio kabla ya kufagia. Jumatano alilivuta boksi, akachungulia, hakuuliza mtu. Akachemsha maji. Barafu aliporudi kazini alilikuta boksi limeanikwa juani, linang'aa kama sahani ya harusi.

Tangu hapo Meneja hajala. Akipewa nyama, anageuza uso. Akipewa mkate, anafumba macho.

Kuna jambo Barafu hakulisema, ingawa wote pale walilijua. Yeye na kijana wake hawajagombana, la. Ila tangu kijana alipoikataa kazi ya friji, miaka miwili sasa, maneno yao hupitia kwa mama. “Mwambie baba yako nimechelewa.” “Mwambie mwanao mlango haukufungwa.” Na wote watatu wako meza moja. Lakini asubuhi ya safari kijana alimpita mama, akaja mpaka aliposimama babaye, akasema: “Baba, nakuachia Meneja.” Maneno matatu. Barafu alikuwa ameyabeba kifuani siku zote hizo kama yai.

Kinyozi, ambaye jina lake la kijiweni ni Hakimu, aliweka kichana sikioni na kufungua kesi.

— Chupa ya kwanza.

— Wa kabatini, jikoni.

— Mkeo hupuliza dawa?

— Kila Ijumaa.

— Basi huyo si mende, ni sumu yenye miguu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Barafu hakuona nguo imeingiaje, ila hoja ya sumu ilikuwa na uzito. Akaiweka chupa chini.

Ya pili ilikuwa na mende wa mtaroni, wakubwa, wekundu, wenye mbawa. Hao walipata wakili. Gia, dereva wa lori mstaafu, alisema mende mwenye mbawa ana injini mbili, na mjusi akimla hatabaki juu ya jiwe, atapanda ukuta kwa gia ya tatu. Muuza kahawa akapinga. Mende wa mtaroni, alisema, amepita chini ya kila nyumba, na mnyama atakayemmeza atajua siri za mtaa mzima. Wakati huo mende mwenyewe alikuwa amepanda kioo mpaka kifunikoni, anapapasa matundu.

— Wale wa mwanangu hawakuweza kupanda, akasema Barafu. Plastiki iliwateleza. Boksi halikuhitaji hata kifuniko.

— Malezi hayo, akasema Gia. Walikuwa wakila nini?

— Karoti. Mwanangu alisema chakula cha mende ndicho chakula cha mjusi.

— Si umpe karoti yaishe? akauliza Hakimu.

— Karoti ampe nani? akadakia Gia. Huyo ni meneja. Lazima ipite kwa watu wa chini kwanza.

Ikabaki chupa ya tatu, mende weusi wanene kutoka chini ya mbao za seremala. Barafu alikumbuka kumsikia kijana akimweleza mamaye kwamba mende asizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, asije akamkaba. Hakuna aliyekuwa na kipimo hicho. Hakimu akachukua kichana, akapima macho ya Gia, akapata meno kumi na manne, akaanza kugawanya kwa uzito wa lori.

— Nisikilizeni, akasema Gia, uso ukiwa bado umeshikwa. Mimina weusi kwenye boksi, funika, nyamaza. Mende hana kitambulisho. Samaki mkunje angali mbichi.

— Atajua.

— Atajuaje?

— Anawajua. Nimemsikia akiwasalimia.

Hakimu alimwachia Gia uso wake.

Kumbe benchini alikuwapo pia mama mmoja aliyekuja na feni bovu kumtafuta fundi. Alikalia upande unaoyumba, akajishika, akaletewa kikombe. Alikuwa amesikiliza tangu chupa ya pili.

— Samahanini, akasema. Kwani mwenye mjusi hana simu?

Hakimu alikitazama kichana. Gia alitazama barabara kana kwamba lori lake linakuja. Muuza kahawa akamiminia kikombe kilichokuwa kimejaa.

— Haba na haba, akaanza Hakimu, akaiacha hapo.

Barafu alitoa simu. Namba ilikuwamo, aliihifadhi siku ileile kijana aliponunua laini, na hakuwahi kuibonyeza. Akasogea hatua chache, akageukia ukuta. Ikaita mara mbili.

— Baba? Mama ana nini?

— Mama yako mzima. Ni mimi. Mende wamekufa, mwanangu. Wote.

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

— Maji ya moto?

— Maji ya moto.

Kijana akaanza kucheka polepole, na Barafu, paji la uso ukutani, akajikuta naye anacheka. Akamweleza chupa tatu. Kijana akamwambia asimpe Meneja hata mmoja: ni wa mwituni wote, hajui wamekula nini. Mjusi mzima havunjwi na siku tatu za njaa. Amweke penye jua, ampe maji.

— Na kesho nikifika, Baba, twende wote tukachague wengine. Nitakuonyesha wanavyochaguliwa.

Barafu alirudi benchini, akazikusanya chupa zake moja moja. Wote walimngoja.

— Kasemaje? akauliza Hakimu.

— Kasema na mimi, akajibu Barafu.