Mama Wembe, Kaka Yake na Kabureta ya Marehemu Baba

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mwenzetu wa mashine ya kukata karatasi atavua aproni yake na kustaafu. Ofisini ana jina kamili na namba ya kazi. Huku kwenye kiwanda chetu cha kuchapa vitabu tunamjua kama Mama Wembe, na si kwa sababu ya mashine peke yake. Ulimi wake nao unakata.

Aliingia hapa akiwa binti mdogo wa kufagia vipande vya karatasi. Akapanda kwenye kukunja, kisha kushona vitabu, hatimaye akakabidhiwa mashine ambayo kabla yake hakuna mwanamke aliyeigusa. Mwaka ule maji ya mvua yalipoingia stoo na kulowesha kurasa za vitabu vya shule, sisi wengine tulishika vichwa. Yeye alifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha na kutuamuru tuanike. Kwa wiki nzima kiwanda kilionekana kama nyumba iliyojaliwa mapacha, yenye nepi kila kamba, na vitabu vikatoka kwa wakati.

Saa ya chai, wenzake tukipiga soga, yeye hutoa mfukoni kipuri kidogo cha shaba na kukisugua kwa kitambaa mpaka ajione uso. Vipuri hivyo ni vya pikipiki ya marehemu baba yake, msambaza magazeti, chombo cha zamani kiasi kwamba mafundi wa mjini wakiletewa hucheka kwanza ndipo wasalimie. Nyumbani kwake, katika stoo iliyo nyuma ya jiko, amejitengenezea karakana: meza chakavu ya mumewe ya kukatia nguo, mikebe ya petroli, msasa laini na miswaki iliyostaafu kabla yake.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomgombanisha na kaka yake mkubwa, ambaye ni kinyozi. Baba alipofariki, kaka aliona ni chuma chakavu, akaita mnunuzi. Dada akaisukuma kwa mikono yake hadi kwake. Kaka akanuna, dada akanuna, wakawa wanasalimiana misibani tu. Alipoifungua kabureta, Mama Wembe alikuta kikombe cha chini, kile kinachotunza petroli, hakipo. Alikitafuta kwa miaka, hata akakichora kwa chaki ukutani ili watu wa nyumbani wasije wakakipita barabarani. Vipuri vingine akaendelea kuving'arisha, ingawa bila kikombe visingewasha hata ndoto.

Mumewe, fundi cherehani mpole, hakuwa na ugomvi na mtu, na kwa siri aliendelea kunyolewa na shemeji yake. Jumamosi moja, ndevu za upande mmoja zikiwa zimekwisha, jicho lake liliangukia chombo ambamo shemeji alikuwa akikorogea povu la sabuni. Kilikuwa kile kile cha ukutani. Hakuuliza. Alikinyakua na kutoka mbio, povu shavuni, shuka la kinyozi shingoni, na nyuma yake shemeji aliyesahau kwamba bado ameshika wembe. Majirani walijifungia ndani.

Mbio ziliishia stooni, ambako Mama Wembe alikuwa akisugua vipuri. Kaka, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, alisimama mlangoni akihema. Juu ya kitambaa cheupe vipuri vya kabureta vilikuwa vimepangwa vikimeremeta: boya, sindano, skrubu ndogo ndogo, kila kimoja mahali pake. Harufu ya petroli ilikuwa ile ile ya mashati ya baba. Akauweka wembe chini.

“Nilikichomoa kabla mnunuzi hajaja,” alisema. “Nilitaka nibaki na kitu chake kimoja.”

Mama Wembe akamsogezea kigoda na mswaki.

“Basi kaa, kaka, ukisugue. Kimejaa sabuni.”

Walisugua mpaka jioni, wakibishana ni nani aliyependwa zaidi na baba. Kikombe kilipong'aa wakaifunga kabureta na kuitoa pikipiki uani. Dada akapiga kiki: kimya. Kaka akapiga: kimya. Wakaangaliana, wakapokezana tena na tena, mpaka chuma kikakohoa, kikatema moshi na kunguruma. Mume alishangilia kuliko wote, bado ana ndevu za upande mmoja. Kaka, kwa maelezo ya dada yake, alilia kama mtoto. Kwa maelezo ya kaka, ulikuwa moshi.

Jumatatu iliyofuata tulimwona Mama Wembe akishuka getini kutoka mgongoni mwa pikipiki iliyoendeshwa na kinyozi, wakigombana kwa furaha kuhusu kona waliyoipita. Sasa wanapanga kufungua karakana ya pikipiki za zamani pembeni ya kibanda cha kinyozi, na wateja wawili wameshaacha pikipiki zao.

Mama Wembe, asante kwa vitabu ulivyotunyooshea kingo na kwa maneno uliyotunyooshea tabia. Nenda ukapate afya, usingizi wa kutosha na barabara isiyo na mashimo. Ukipita hapa nje, piga honi. Tutatoka sote, na meneja atatangulia.