Mtu Mmoja, Vifo Vitatu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nyuma ya majengo marefu ya fedha, pale ambapo viyoyozi huwatemea maji na joto watu wasio na akaunti. Mama Kahawa huliweka birika lake upande wa kivuli. Fundi Viatu hushona huku akibishana. Kamusi, mwalimu mstaafu anayezijua methali zote isipokuwa mahali pa kuzitumia, hukaa katikati asije akapitwa na neno. Wa nne ni Koplo. Alilitumikia jeshi miaka kumi na minane, na sasa ni mlinzi wa mlango mkuu wa kampuni ya uwekezaji, ile inayotunza mafao ya wastaafu. Alasiri hiyo alitoka zamu, akaketi, akapokea kikombe chake, na asikinywe. Kichwa chake kilikuwa kama nyumba iliyopekuliwa: kila kitu kimo, hakuna kilicho mahali pake.

— Koplo, kunywa bwana. Kahawa haina mdomo wa kukuita.

— Mama, mtu mmoja anaweza kufa mara ngapi?

Fundi Viatu akatoa misumari mdomoni.

— Kama ni askari, mara mbili. Ya kwanza akistaafu.

Koplo hakucheka, kwa hiyo na wao wakaacha.

— Mnamkumbuka yule dada mkaguzi wa hesabu pale kazini kwangu?

— Asiyetaka sukari? Namkumbuka, alisema Mama Kahawa. Si nasikia amefariki?

— Nilimkuta mimi. Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikikagua ngazi za dharura. Amelala chini ya ngazi za ghorofa ya tatu. Viatu vyake vimepangwa pembeni, jozi, kama vya mtu anayepanda kitandani. Na shingoni ana alama za vidole. Jamani, nimewaona waliokufa vitani. Aliyeanguka namjua, na aliyekabwa namjua.

— Ukafanya nini?

— Nikampigia Meneja. Akasema, Koplo, umechoka, nenda nyumbani. Nikaenda. Kutii ndiko nilikofundishwa. Kesho yake nikakuta ngazi zinanuka dawa ya kusafishia. Namuuliza katibu muhtasi, analia: moyo ulisimama. Nasoma tangazo ukutani: ajali ya gari. Mhasibu ananinong'oneza sikioni: ameanguka bafuni kwake. Sasa mimi nilimwona nani pale ngazini?

Kamusi akakohoa kama mtu anayeingia darasani.

— Hapo hapana siri. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Huyu alikuwa na haraka.

— Haraka gani, mwalimu, na viatu amevua?

— Ndiyo maana alivua!

— Wewe nawe! alisema Fundi Viatu. Hapo jibu ni moja. Mapacha. Walikuwa watatu, mmoja moyo, mmoja gari, mmoja bafu.

— Na wa ngazini?

Fundi akahesabu vidole vyake, akarudia.

— Basi walikuwa wanne. Msinibane.

— Hapana, hakufa hata mmoja, alidakia Kamusi. Paka akiondoka, panya hutawala. Yeye ndiye paka. Ameondoka tu. Sasa hivi yuko ughaibuni na fedha zote, amevaa miwani ya jua.

— Kamusi, nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Mama Kahawa ndiye aliyeuliza, taratibu:

— Na kwa nini wamuue msichana wa watu?

Koplo akatazama nyuma kabla ya kujibu.

— Jumatatu jioni, wakati natoka zamu, alinifuata mlangoni. Akaniuliza, mjomba, ile barabara ya machimbo ya kokoto unaijua? Kuna jengo la ghorofa kumi na mbili kule? Nikamwambia sijui. Lakini pale mapokezi kuna picha kubwa ya jengo hilo, imeandikwa: limejengwa kwa mafao yenu. Basi, Jumamosi nikaenda mwenyewe.

— Ukalikuta?

— Nilikuta mahindi. Mahindi, na bibi mmoja anapalilia. Nikamuuliza, bibi, jengo la ghorofa kumi na mbili liko wapi? Akanitazama kana kwamba naumwa, akanipa maji ya kunywa.

— Limezama! Fundi Viatu alipiga nyundo ubaoni. Udongo wa kule laini. Bibi analima juu ya paa.

— Ghorofa zote kumi na mbili?

— Zote. Ukichimba vizuri utaikuta lifti.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kamusi. Walijenga kidogo kidogo mpaka likaisha. Lakini ngoja, Koplo. Mafao ya wastaafu gani?

— Wote. Walimu, wauguzi, sisi wa jeshi.

— Walimu?

— Walimu.

Kamusi akafungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Akaanza kupangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na vumbi.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke mmoja mgeni, kikombe mikononi, na hakuna aliyemjali. Sasa akageuka.

— Shikamooni. Samahani kwa kuingilia. Huyo mkaguzi ni mdogo wangu, tumbo moja.

Fundi Viatu akaishusha nyundo polepole, kana kwamba ni yai.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana, alisema Koplo. Pole.

— Sisi nyumbani hatukusikia habari ya moyo wala gari. Tuliletewa sanduku limepigwa misumari. Tukaambiwa ni ugonjwa wa kuambukiza, tusilifungue. Mkurugenzi wa kampuni mwenyewe alikuja mazikoni, akalia kumshinda mama.

— Kifo cha tano, alinong'ona Fundi Viatu. Mama Kahawa akamfinya.

— Mjomba, nimekusikia yote, na nakushukuru. Nina swali moja tu. Asubuhi mkurugenzi akifika kazini, nani humfungulia mlango?

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Koplo akakiweka chini kikombe chake. Tangu Jumatano ile alikuwa amesimama mlangoni kila siku, akavuta kitasa, akasema karibu mkuu, na mkuu akasema asante Koplo. Mkono uleule ulioushika mkono wa marehemu. Akamtazama Kamusi, na Kamusi akatazama chini. Akamtazama Fundi, naye Fundi alikuwa anatafuta uzi ulioko kidoleni mwake. Jeshini, akichanganyikiwa, palikuwa na mtu wa kumpa amri. Hapa palikuwa na macho tu, yanasubiri.

Mama Kahawa akainamisha birika. Yakatoka mashapo.

— Imekwisha, jamani.

Hakuna aliyeinuka. Kisha Koplo akauliza kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia:

— Mama yenu atakubali kaburi lifukuliwe? Nikisimama mbele ya hakimu nikaeleza nilichokiona, wataniita mlevi. Lakini shingo ile haidanganyi.

— Mjomba, alisema yule dada, mama ndiye aliyenituma.

Koplo akasimama. Hakujua mahakama hufungwa saa ngapi. Yule dada akatangulia, yeye akamfuata.