Viatu vya Wageni wa Posa

Mwaka wa hamsini na tatu, ndani ya basi la kwenda Temeke, nilikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Aliyekaa dirishani, Mama Sesilia, alikuwa akimlaumu mwalimu wa binti yake mdogo.

"Eti anawafundisha kupanga vitu kwa ukubwa! Jumapili mdogo wangu Filomena kaletewa posa. Wageni wamevua viatu mlangoni, Sesilia kavipanga vyote pamoja na vyetu, kidogo mpaka kikubwa. Kisha kaingia sebuleni, katangaza: kiatu cha mama mdogo kikubwa kuliko cha mchumba! Mchumba mwenyewe, Bwana Polikarpo, akatoka nje kuhakikisha. Hajarudi mpaka leo."

Jirani yake akauliza, "Alivilinganisha kisigino kwa kisigino, au alikisia kwa macho?"

"Kisigino kwa kisigino."

"Vizuri sana!" Neno lilimponyoka tu, maskini.

Mama Sesilia aliitazama chaki kwenye mkono wa gauni la jirani yake. "Kumbe ndiwe!"

"Ndimi, Mwalimu Genoveva. Lakini mama, mtoto hakukosea."

"Nani kasema kakosea? Angekosea, leo tungekuwa tunacheza ngoma!"

Abiria tuliangua kicheko. Mama Sesilia hakucheka.

"Hapa nakwenda kuwaangukia wakwe. Nawe kesho mfundishe kwamba vitu vyote ni sawasawa."

Basi likasimama. Mwalimu alishuka, akageuka mlangoni.

"Sawasawa bado hatujaifikia darasani, mama. Hiyo ni baada ya Pasaka."